Kengele Uliyonitumia, Baba

Ileje, Songwe
Jumapili mchana, baada ya ibada

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo ya pili mfikishie mama, maana najua barua hii utaisoma kwanza pale kijiweni mbele ya wateja, ndipo uipeleke nyumbani ikiwa na alama za grisi. Magoti yanasemaje? Masanja aliniambia kwamba siku hizi wewe unakaa kwenye stuli unatoa amri, na yeye ndiye anayeinama kuziba pancha. Nimefurahi kusikia hivyo, ingawa najua wewe mwenyewe hukufurahi. Huku sote tu wazima. Kinachotutesa ni baridi. Asubuhi ukungu unaingia mpaka jikoni, na mimi mtoto wa Nzega bado nalala na soksi, mama mkwe ananicheka.

Siku ile uliponipigia uliniuliza, "Mwanangu, mzee wa huko amekwisha kusema na wewe?" Mtandao ukakatika kabla sijajibu, na kusema kweli niliushukuru, kwa sababu jibu sikuwa nalo. Leo ninalo, ila ni refu mno kwa simu. Tena ndani ya bahasha hii nimeweka pedi za breki zilizolika, uzipime na kunitafutia za kufanana nazo, na pedi hazipiti kwenye simu. Mume wangu Ambakisye ana mzigo wa kupeleka Kahama, atasimamisha lori Nzega na kukukabidhi kila kitu mkononi. Mpe chai. Usimpe somo la matairi, ana haraka.

Nianze na mzee. Nilipoolewa nilikueleza habari zake kijuujuu tu, ili usihangaike. Kwa Wandali wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawatazamani usoni. Hawakai chumba kimoja, na yeye halitaji jina langu, mimi ni mwalimu tu, kwa kazi yangu ya shuleni. Tukikutana njiani, mmoja wetu anaingia porini na kugeuka mgongo mpaka mwenzake apite. Akiwa na neno langu, analipitisha kwa mwingine. Mimi nimesimama nje ya ukuta nasikia kila kitu, naye yuko ndani anasema, "Mwambieni mwalimu kuna ndizi zimeiva," na mama mkwe anatoka kuniambia kuna ndizi zimeiva. Nyumba nyingi za hapa zimekwisha kuacha mambo hayo, lakini baba mkwe wangu ni mtu wa kushika alichoachiwa na baba yake. Kila mtu ananiambia ni heshima. Kichwani nilikubali ni heshima. Moyoni, baba, niliona ni kukataliwa. Kwetu mkamwana anataniwa mpaka anakimbia, na mimi nimezoea kelele zako. Nimelia jikoni mara nyingi nikisingizia moshi.

Sasa ikaja hii baiskeli. Unakumbuka Ambakisye aliinunua akiwa kwenye foleni ya malori pale Chapwa, anasubiri kuvuka kwenda Zambia. Mgeni mmoja alikuwa akisafiri kwa baiskeli ya umeme kutoka nchi moja hadi nyingine, akaugua Tunduma, akaamua kurudi kwao kwa ndege bila mzigo. Mume wangu akaona mke wake anashuka bonde kila asubuhi kwenda shuleni na kulipanda tena jioni, akaichukua. Ilipofika hapa watu walikuja kuitazama kama bibi harusi. Tairi pana zenye meno, mota ndogo imejificha katikati ya pedeli, betri ndani ya fremu, na nyepesi kiasi kwamba naibeba begani kuvuka daraja la miti. Haikanyagi badala yako. Ukikanyaga nayo inakanyaga, ukiacha nayo inaacha. Wewe uliposikia habari hiyo ulisema ni baiskeli ya mvivu, na hukusema hivyo mara moja tu.

Lakini hukujua ubaya wake mkubwa. Ile baiskeli haina sauti. Baiskeli zako zote zinalia: madigadi yanagonga, cheni inasugua, mtu anakusikia ukiwa bado mbali. Hii inateleza kimya, na mimi kwenye mteremko sisemi uongo, nakimbia. Juma la kwanza nilikata kona ya mianzi chini ya nyumba yetu nikamkuta baba mkwe katikati ya njia, uso kwa uso, hatua chache tu. Mzee wa watu aliruka ndani ya mianzi na koti lake na kofia yake. Mimi nikaenda kuangukia upande wa pili, kwenye kahawa. Jioni nikasikia kupitia ukutani, "Mwambieni mwalimu, kitu kile kitaniua, au kitaniaibisha, na bora kiniue."

Ndipo nikakuomba kengele. Ukanitumia ile ya chuma ya zamani, ya kuzungusha kwa kidole gumba, uliyoing'oa kwenye baiskeli yako mwenyewe. Masanja ameniambia ni yako, usikatae. Nikaifunga kwenye usukani, na toka siku ile kila nikifika kona ya mianzi napiga mara tatu. Nasikia majani yanachakacha, mzee anaingia pembeni, napita nikiwa nimegeuza uso. Mambo yakatulia. Ila fikiria, baba, kengele yako uliyoinunua ukiwa kijana, kazi yake huku ikawa kumfukuza mtu njiani ili asinione.

Kuhusu matunzo nakuomba usiwe na wasiwasi. Cheni naisafisha kwa mswaki mkuukuu na mafuta kidogo, si yale mafuta machafu ya pikipiki ambayo vijana wa bodaboda wanataka kunimwagia. Siioshi kwa mpira wa maji ya kasi, maana maji yakiingia kwenye mota nimekwisha. Betri naichaji shuleni kwa umeme wa jua, na nyumbani hailali nje. Mama mkwe aliposikia kwamba baridi inaipunguzia nguvu, alikwenda kuiletea kitenge. Anaifunga kabisa, anailaza karibu na jiko, na akipita anaiuliza kama imelala. Breki ndizo zinazolika haraka, kwa sababu ya tope na miteremko, na utaziona mwenyewe kwenye bahasha.

Na keria. Ulivyofoka kuhusu keria! "Baiskeli isiyo na keria ni ya mchoyo," ulisema, "inabeba mwenye nayo tu." Mimi nilitaka ya kubebea madaftari. Nikampelekea baiskeli fundi wa kuchomelea kule Itumba, akaipima, akavaa miwani yake nyeusi, akawasha mashine achomelee keria kwenye fremu. Nilikuwa nimekwisha kukaa kwenye benchi kwa raha zangu. Halafu nikaisikia sauti yako kichwani, kwamba fremu ya alumini, bati la sufuria, haiungiki na chuma, nikamshika mkono na cheche zimeanza. Alikasirika, akaniuliza mwalimu na moto wapi na wapi. Nikamwomba atengeneze vibano tu, nikavifunga kama ulivyonielekeza: boliti nne, mpira wa tyubu ndani usikwangue fremu, nati za kujifunga zenyewe. Ukasema ipimwe kwa gunia. Gunia sikuwa nalo, nikamkalisha mama mkwe, tukazunguka uwanja wa nyumba, akapiga vigelegele hadi majirani wakatoka.

Sasa sikiliza.

Siku moja natoka shuleni. Kijiji chote kilikuwa kwenye msiba mtaa wa bondeni, mama mkwe naye huko huko. Shuleni wingu lilikaa kutwa, sola haikutoa kitu, betri yangu ilikuwa na taa moja tu. Nikafika kona ya mianzi, nikapiga kengele mara tatu. Hakuna kilichochakacha. Nikakata kona taratibu nikamkuta mzee ameketi kando ya njia, mguu ameunyoosha, shoka pembeni. Alikuwa anakata mianzi, likateleza, likampiga juu ya kifundo. Damu ilikuwa imejaa kwenye kiatu na inamwagika kwenye majani.

Nikasimama. Nikageuka mgongo kama nilivyofundishwa. Yeye naye akageuza uso. Tukakaa hivyo, na wa kutupelekea maneno hayupo.

Halafu nikamsikia anasema, polepole, "Wewe baiskeli. Mwambie mwalimu apite. Mimi napumzika tu."

Baba, sikujua nicheke au nilie. Nikasema, "Baiskeli, mwambie mzee damu naiona."

"Mwambie atapita mtu mwingine."

"Mwambie hapiti mtu, wote wako msibani. Mwambie apande nyuma, tumpeleke zahanati."

"Mwambie hicho chuma ni cha madaftari."

"Mwambie keria hii imeelekezwa na fundi wa Nzega. Inabeba gunia."

"Muulize gunia la nini."

"La mpunga."

Nikasikia anapumua. Nikavua kilemba changu, nikakirusha nyuma ya bega bila kutazama, nikasikia anajifunga mguu. Kisha baiskeli ikalala kidogo upande mmoja, ikasimama, na nikajua amekaa. Hakunishika mimi, alishika chini ya siti. Na hapo, nikiwa mbele na yeye nyuma, nikaona kwamba keria haina shida yoyote na desturi ya Wandali. Anayebebwa haoni uso wa anayembeba.

Zahanati iko kwenye mlima wa pili. Nikaweka mota kwenye nguvu ya mwisho, ikavuta vizuri kwenye mwinuko wa kwanza, nikamshukuru Mungu na mgeni yule popote alipo. Mwinuko wa pili taa ikawa nyekundu, na kabla ya kanisa ikazima. Kuna baiskeli za umeme nimeziona Tunduma, nzito, zikizima unasukuma kama mkokoteni wa mawe. Hii ikizima inabaki kuwa baiskeli. Nikapunguza gia hadi ya mwisho, nikasimama juu ya pedeli, nikakanyaga kama ulivyonifundisha tulipobeba maji na wewe, bila hasira, kwa mzunguko, macho yasitazame mlima uliobaki. Mapaja yalikuwa yanawaka moto.

Nyuma yangu nikasikia, "Baiskeli, mwambie mwalimu nishuke. Atakufa."

"Mwambie akishuka tairi litateleza," nikasema. "Uzito wake ndio unaolishika."

Hiyo ni kweli, baba, unajua ni kweli. Lakini hata ingekuwa uongo ningeusema. Nilikuwa naogopa. Kila alipokaa kimya kidogo nilidhani amezimia, nikawa napiga kengele bila sababu, ili tu nimsikie akikohoa. Akakohoa kila mara. Nadhani alinielewa.

Tulifika. Muuguzi akamwingiza ndani, mimi nikakaa nje ukutani. Nikasikia anamuuliza wakati anamshona, "Mzee, na hali hii umekuja na nani?"

Baba mkwe akajibu, "Nimekuja na baiskeli."

Sikumlaumu. Nilicheka peke yangu, halafu nikalia kidogo, na safari hii hapakuwa na moshi wa kusingizia. Nikajiambia ndivyo alivyo, na mtu nimemfikisha mzima, basi. Nilikagua boliti zako. Haikulegea hata moja.

Kidonda kimechukua muda kufunga. Wiki zote hizo nilimsikia kupitia ukutani akiomba chai na kulalamikia chumvi, lakini neno langu hata la kupitia watu halikuja, wala la ndizi. Nikaanza kufikiri nimemvunjia heshima yake, kwamba mguu nimeuokoa na jina lake nimeliharibu. Ambakisye alinituliza kwa simu kutoka mpakani, sikutulia. Hapo ndipo ulipopiga na kuniuliza swali lako.

Juzi Ijumaa nikatoka shuleni. Kona ya mianzi, nikapiga mara tatu, nikasubiri majani yachakache. Kimya. Nikadhani ameumia tena. Nikashika breki zote mbili, zikalia vibaya kwa jinsi pedi zilivyolika, nikakata kona. Mzee alikuwa amesimama katikati ya njia, amevaa koti lake la kanisani, ameegemea fimbo. Nikageuza uso upesi.

Akasema, "Limi."

Sikugeuka. Nilidhani nimesikia vibaya.

"Limi, geuka. Mimi ni mzee, siwezi kuongea na baiskeli maisha yangu yote."

Nikageuka, baba. Ana macho ya Ambakisye, sikuwa najua. Yeye akanyoosha kidole, akaigusa kengele kwenye usukani, akaizungusha mara moja.

"Hii ni ya baba yako?"

"Ndiyo, baba."

"Mwambie nimeisikia."

Ndilo jibu la swali lako. Nimekufikishia.

Msalimie mama na umwambie soksi zake alizonifumia ndizo ninazolala nazo. Masanja mpe hongera ya kuinama. Shangazi wa dukani mwambie vitenge alivyotuma vimefika, na kimoja amepewa betri. Mama mkwe anakusalimu, na mzee wa huku anauliza magoti yako yakipata nafuu utakuja lini, maana keria, anasema, ameijaribu mwenyewe.

Ni mimi mwanao,
Limi, ambaye sasa anaitwa jina lake hata huku.