Ulipokwenda Kugawana Meli na Wakenya

Mama yangu mpendwa,

Tangu tukulaze Butiama karibu na bibi, masika yamekuja na kuondoka, na Baba bado anagonga mbao zake hapa Makoko kama kawaida. Juzi alikuwa anapigilia ubao wa mtumbwi wa watu, redio ikiwa juu ya tofali, ikatangaza kwamba nchi zetu tatu zimeanza tena kuzungumza habari ya kuungana. Baba aliweka nyundo chini akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia, "Nyangeta, mama yako angekuwepo saa hii angeshaanza kutafuta karatasi za kaboni."

Nami nikacheka. Nikaona nikuandikie, maana hayo mambo ya kuungana na kuachana kwa nchi mimi niliyajua kupitia kwako.

Nilizaliwa Arusha, wewe ukiwa mpiga chapa katika ofisi za Jumuiya ya Afrika Mashariki na Baba akitengeneza vitanda na makabati uani. Meza yako ilitazamana na ya Akoth, Mjaluo wa Kisumu, mwanamke mrefu mwenye kicheko cha kufungua madirisha. Mlikuwa mnakula mchana kutoka bakuli moja. Nilipobatizwa, yeye ndiye aliyenibeba mbele ya padre, akawa mama yangu wa ubatizo. Hayo nimesimuliwa tu. Ninachokikumbuka mwenyewe ni siku ya kuhama. Wakubwa wa nchi walikuwa wamekosana, Jumuiya imevunjika, na kila mfanyakazi ameambiwa arudi kwao. Lori letu lilikuwa limejaa vitanda vya Baba ambavyo hakuna aliyevinunua. Akoth alikuja kutuaga, akanishika shavu, akakwambia, "Sabina, haya ni ya wakubwa. Yatapita kabla huyu mtoto hajang'oa meno." Yeye akaenda Nairobi, sisi tukaja Musoma. Muda mrefu haukupita, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa.

Ulipata kazi katika ofisi ya mkoa. Halafu siku moja ukaitwa: ujumbe wa nchi yetu ulikuwa unakwenda kwenye mazungumzo ya kugawana mali na madeni ya Jumuiya, na walitaka mpiga chapa anayezifahamu karatasi za zamani. Ulirudi nyumbani na habari hiyo ukiwa umeshika viatu mkononi, umetembea pekupeku ili usivichakaze. Mimi na mdogo wangu Magesa tulitaka kujua nchi inaondokaje kwenye umoja. Magesa alidhani watu wanachimba mfereji katikati.

Ulikaa juu ya mtumbwi wa Baba uliokuwa haujakamilika, ukatuambia, "Kuondoka ni rahisi, mtu anainuka tu. Kazi ni vile mlivyonunua pamoja. Kuna reli, kuna ndege, kuna nyumba, kuna meli humu ziwani. Na kuna wazee waliofanya kazi miaka mingi wanaongoja kiinua mgongo chao. Nani atawalipa?"

Magesa akasema, "Meli mkate vipande."

"Ukikata meli, kila mtu anapata chuma na hakuna anayefika Kisumu wala Mwanza," ukamjibu. "Anayebaki na meli lazima ampe mwenzake kitu kingine chenye thamani ileile. Sasa hapo kwenye thamani ndipo watu wanakaa miaka."

Na kweli mlikaa miaka. Mazungumzo yalihama mji hadi mji, yanasimama, yanaanza tena. Mambo hapa yalikuwa magumu, Mama, hata sitayapamba. Sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya foleni, na kuna majira tulifulia majivu na kuoga kwa majani. Lakini mimi nikikumbuka miaka ile, kinachonijia kwanza ni safari za kukupokea. Basi lako kutoka Mwanza lilipitaga Bunda kabla ya kufika Musoma, na Baba alishindwa kungoja hapa nyumbani. Siku ya kurudi kwako aliamka akasema, "Nakwenda Bunda kutafuta misumari," akatuvalisha nguo za kanisani na kutuchukua. Misumari ya nini, na sisi tumevaa soksi? Tulikaa stendi tukila karanga mpaka basi litokee, tukapanda humohumo ulimo. Wewe ulimwuliza kila mara, "Baba Nyangeta, misumari iko wapi?" Naye akajibu, "Imeisha," akatazama dirishani. Watu wa kwenye basi walishawazoea.

Kuna safari moja tu ulirudi hukuuliza misumari. Ulikuwa umemkuta Akoth. Naye alikuwa ameitwa kuchapia ujumbe wa Kenya, na mlipoonana katika ukumbi mlikumbatiana mbele za watu. Ofisa mmoja wa upande wetu alikuita pembeni akakwambia, "Ndugu Sabina, yule ni wa upande wa pili." Ulimjibu, na jibu hilo Baba alilirudia miaka yote kila alipotaka kujisifia mke: "Utakachonipa nitachapa, na nitafunga mdomo. Lakini salamu si siri ya serikali."

Mkutano uliofuata hukuitwa.

Ulivua viatu vya ofisi ukaenda Mugeta kumsaidia shangazi kupalilia mtama, nasi tukaenda nawe. Sikukusikia ukilalamika. Ila jioni moja nilikusikia ukimwambia shangazi, huku mkipepeta, "Kinachoniuma si safari. Kinachoniuma ni kwamba wanaogawana wasiposalimiana, watagawana vibaya." Shangazi akasema, "Ungemsalimia kwa macho tu." Ukasema, "Macho yangu hayajui kudanganya, yangekwenda yenyewe," mkacheka wote wawili mpaka mtama ukamwagika.

Kumbe hawakuweza bila wewe. Mpiga chapa waliyemchukua hakuzijua karatasi, wakakurudisha. Na safari hiyo ndiyo uliyorudi Bunda ukicheka peke yako tangu mlango wa basi. Ulitusimulia nusu. Nusu nyingine nimeipata kwa Akoth mwenyewe, ambaye wiki hii ni mgeni wangu hapa Makoko, kwa hiyo leo nakurudishia hadithi yako ikiwa nzima.

Kila upande ulikuwa umekuja na nakala yake ya makubaliano ya meli, na nakala hazikufanana. Moja ilisema nchi itakayobaki na meli "itafidia," nyingine ikasema "itafikiria kufidia." Watu walipandisha sauti, mmoja akafunga mkoba wake akataka kutoka. Msuluhishi, mzee wa Kizungu aliyekuwa na subira ya mvuvi, akasema kuanzia sasa kutakuwa na nakala moja tu, itachapwa hadharani, mpiga chapa wa upande mmoja akisoma na wa upande mwingine akigonga, na wa Uganda akikagua. Ndipo yule ofisa aliyekuonya akavuta kiti chako mwenyewe akakiweka karibu na cha Akoth. Akasema, "Sogeeni, kazi iende."

Ukaanza kumsomea. Akoth anasema ulisoma kwa sauti ya kanisani, huna hata tabasamu. Mashine ilikuwa inapiga kelele, na chini ya kelele hiyo akakuuliza bila kuinua kichwa, "Mtoto wangu anaendeleaje?" Nawe, macho kwenye karatasi, ukasoma, "Meli zote zilizosajiliwa katika bandari za ziwa, mkato, Nyangeta amepoteza meno mawili ya mbele, mkato, pamoja na vifaa vyake."

Vidole vya Akoth vilikuwa vimezoea kuandika kila unachosema. Jina langu lilikuwa limeshaingia kwenye mkataba wa nchi tatu kabla hajashtuka. Alichomoa karatasi kwa nguvu, na nakala zake zote za kaboni nyuma. Ofisa akauliza kuna nini. "Kaboni imejikunja," ukasema. Mama wa Uganda, aliyekuwa anakagua na ameona kila kitu, akatazama dari akaanza kukohoa. Akoth anasema mliendelea hivyo hadi alasiri. Hivyo ndivyo alivyojua kwamba bibi anaumwa miguu, kwamba Magesa ameanza shule, kwamba Baba bado hajapata misumari. Wewe ulijua kwamba mume wake amehamishiwa Kisumu na kwamba ana mimba tena. Na mkataba ulikwenda vizuri, maana siku hiyo hakuna aliyetoka nje kwa hasira.

Wakati huo huku kwetu nilikuwa na shida yangu. Wenzangu walikuwa wanajiandaa kupata kipaimara, na wewe ulisema msimamizi wangu ni Akoth, hakuna mwingine. Padre alikuja nyumbani akakueleza taratibu kwamba mtu mwingine anaweza kusimama. "Mama, mpaka umefungwa. Unaweza kukaa umefungwa hadi mtoto aolewe."

"Basi ataolewa na kupata kipaimara siku moja, Padre. Utapunguza safari."

Wenzangu wakapata, mimi nikabaki. Mwaka uliofuata vilevile, nikakaa darasa la mafundisho na watoto ninaowazidi kimo. Nilikununia. Nilikwambia unampenda Akoth kuliko mimi. Hukunikaripia. Ulinishonea gauni kutokana na mapazia meupe ya nyumba yetu ya Arusha, ukalitundika ukutani, na kila nilipokua ulishusha upindo kidogo. Ulisema, "Mimi ndiye ninayechapa, Nyangeta. Naona yanakaribia."

Nilikuwa darasa la sita mazungumzo yalipokwisha. Tulisikia kwa redio hiyohiyo ya Baba: wamekubaliana, wametia saini, mpaka utafunguliwa. Makoko watu walitoka nje. Jirani yetu aliyekuwa na ndugu zake Migori, upande wa Kenya, alipiga sufuria kwa mwiko barabara nzima. Baba hakusema anakwenda kutafuta misumari. Alisema, "Twendeni tumpokee mama yenu," tukaenda Bunda, na uliposhuka alikubeba mzimamzima stendi, wewe na mkoba wako, watu wakapiga makofi. Ulisema, "Niweke chini, mimi mtumishi wa serikali," lakini hukujitahidi kushuka.

Akoth alikuja kwa basi kupitia Sirari na Tarime, na mtoto mgongoni na mzigo wa sabuni miche kwa miche, kama mtu anayekwenda kufungua duka. Nilikuwa nimesimama nyuma yako. Sikumkumbuka sura. Alinitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani, akanishika kidevu akaniambia, "Hebu fungua mdomo nione kama yalirudi." Nikafungua. Akahakikisha. Halafu mkaanza kulia na kucheka kwa pamoja, Baba akachukua mzigo akaingia ndani, akasema hajui awapoze kwa kitu gani.

Jumapili ya kipaimara nilivaa mapazia ya Arusha, nimekuwa mrefu kuliko wote, na mkono wa Akoth ulikuwa juu ya bega langu Askofu aliponipaka mafuta. Mchana tulikwenda Butiama, bibi akachinja mbuzi. Mlicheza ngoma za kwetu na za kwao, Akoth akikosea mguu makusudi ili bibi amfundishe tena. Bibi, aliyekuwa haelewi kwa nini kugawana kumechukua miaka yote hiyo, aliwauliza, "Sasa mmegawana mkamaliza, mbona mnakumbatiana?"

Ukamwambia, "Tumegawana vyuma, mama. Watu hawakuwemo kwenye orodha."

Mama, hapa sasa madukani kuna kila kitu. Sabuni za rangi zote, mabasi ya watu binafsi yanayogombania abiria, mitumba soko zima. Ofisi yako ya zamani imepunguza watu, na waliopunguzwa wamefungua vibanda, wengine wanaendelea vizuri. Nami nina kibanda cha kupiga chapa karibu na soko, na mashine yako ndiyo inayonilisha. Nachapa barua za watu za kuomba kazi, kadi za harusi, na mara moja mkataba wa ndugu wawili waliokuwa wanagawana biashara yao ya sato. Walikuja wamenuniana. Nikawaambia wakae kwenye benchi moja, tuandike nakala moja, mmoja asome nikichapa. Walipoondoka walikuwa wanazungumza habari za nyavu.

Nakukosa sana, lakini si kwa huzuni inayonilaza. Nakukosa nikiwa nacheka, nikageuka kutaka kukwambia.

Na sasa habari yenyewe. Yule mtoto aliyekuja mgongoni mwa Akoth anaolewa Kisumu. Akoth amekuja kunichukua. Mimi niliyecheleweshwa na mpaka wa Kenya utoto wangu wote sijawahi hata siku moja kuuvuka. Kesho asubuhi nauvuka. Nimefunga kibanda, Baba amenitengenezea kigoda cha kumpelekea bibi harusi, nimekaanga samaki aina ya ningu wa kula njiani. Nilimwuliza Akoth nikifika huko, kwenye kundi la watu nisiowajua, nijitambulishe vipi.

Alikuwa anakunja nguo zake. Akasema, "Wewe sema ni wa kwetu. Wakitaka maelezo, waje kwangu."

Lala vizuri, Mama. Baba anakusalimu, na Magesa pia. Nikirudi nitapita Butiama kabla sijafika nyumbani, nikukalie kidogo pale nikwambie walicheza nini.

Mimi mtoto wako wa kwanza,
Nyangeta