Wamefunga Ukurasa Niliomwandika Mama

Genkuru, Jumanne. Mawingu mazito tangu asubuhi, lakini mvua haishuki.

Leo sikai, sisimami. Nimefagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiliwa. Nimebandika chai nikaisahau mpaka ikakaukia sufuriani.

Wamenifungia akaunti.

Nilipowasha simu nilikuta ujumbe: akaunti yangu ya hadithi imesimamishwa, kuna mtu amelalamika kwamba naanika maisha yake bila ruhusa. Hawakumtaja. Hadithi zote za mama hazionekani tena. Ndiyo maana naandika huku kwenye blogu yangu ya zamani, ambayo sidhani kama kuna mtu bado anaipitia.

Niliandika jinsi usiku mmoja baba alivyorudi amelewa, mama akatuamsha mimi na dada yangu Bhoke, tukakimbilia shambani na kulala katikati ya mahindi. Majina nilibadilisha. Baba na mama wote ni marehemu. Nani basi wa kulalamika?

Nikamshuku mjomba. Nikamshuku jirani. Kumbe jibu nilikuwa nalo, nalikwepa tu. Kwenye yale mahindi tulikuwa watatu.

Mchana nikampigia Bhoke. Ameolewa Isebania, ng'ambo ya mpaka. Hata shikamoo sikumpa, na yeye ni mkubwa wangu.

"Ni wewe uliyeripoti?"

"Ni mimi."

"Kwa nini hukuniambia kwanza, dada?"

"Na wewe, si ungeniuliza kwanza? Mama mkwe amesomewa yote na wajukuu zake. Miaka yote hii, hapa wanajua baba yetu alikuwa mtu wa kanisa. Sasa wakinisalimia wananionea huruma. Mimi hiyo huruma siitaki, Robi."

Nilitaka kumwambia kwamba niliyoandika ni kweli tupu. Lakini hakuwa amesema nimedanganya.

Kisha akashusha sauti. "Halafu umeandika mama alikuwa analia. Mama hakulia. Alikuwa anaimba polepole ili wewe usiogope. Ulikuwa mdogo, ulilala. Mimi nilikuwa macho."

Simu ikakatika. Sijui ni mtandao au ni yeye.

Hasira bado ninayo. Ule ukurasa ni jasho langu, na kuna wanawake walioniandikia kwamba walijiona humo. Walionifungia akaunti wamesema naweza kukata rufaa. Kila nikianza kuijaza fomu yake, naifunga. Nitajitetea kwa lipi, wakati sehemu kubwa ya usiku ule nilikuwa nimelala?

Mama alikuwa anaimba wimbo gani?

Rufaa ingoje. Kesho navuka mpaka pale Sirari kwenda kwa Bhoke. Nataka anisimulie usiku ule tangu mwanzo, kama atakubali. Nikishausikia wote, sijui kama nitataka tena kuuandika.