Gari la Zuhura, Kadi Yangu

Jumapili, 10 Januari 1988

Salaam alaykum, nafsi yangu. Waonaje hali? Mie sijambo, kiuno tu. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima alitukataza kuanza maandishi bila salamu, nami simwandikii mtu, basi najisalimia mwenyewe.

Mchele wa vitumbua nimeshauroweka. Leo Zuhura kaja tena kuliangalia gari la marehemu mume wangu. Pijo pikapu. Tangu Bakari afariki limekaa uani, kuku wanataga juu ya kiti. Zuhura kafungua mlango, akacheka mpaka akashika ukuta. "Shoga, utaniuzia na mayai yake?"

Analitaka la kubebea machungwa ya Muheza na viungo vya Amani. Anasema siku hizi biashara imefunguliwa, na yeye amechoka kukodi magari ya watu. Pesa zote hana. Atatoa kianzio, kisha kila mwezi fungu. Nimekubali. Tulisoma juzuu chuo kimoja, tukachezwa ngoma ya unyago mwaka mmoja. Nikimwambia tuandikiane nitakuwa nimemtukana. Ila kadi ya gari, ambayo ina jina langu tangu mirathi, itabaki kwangu mpaka amalize. Ndivyo watu wanavyofanya.

Nataka bati. Makuti yamechoka na masika yaja.

Ijumaa, 29 Januari

Kianzio hana. Anahangaika. Fikra imenijia mie, si yeye.

Mie ndiye kijumbe wa upatu wetu hapa Ngamiani. Wanawake kumi. Jumapili ya kwanza ya mwezi kila mmoja anatoa, mmoja anachukua zote, na zamu nazipanga mie. Mwezi ujao ni zamu ya Mama Saumu. Zuhura ni Aprili. Leo baada ya Ijumaa nikaenda kwa Mama Saumu kumwomba wabadilishane. Nikamwambia Zuhura ana shida.

Hakuuliza shida gani. Akasema harusi ya Saumu iko mwishoni mwa Shaabani, kwa hiyo akipata Aprili itamfaa vilevile, mwenye shida atangulie.

Sikumwambia kwamba pesa zile zitakuja kwangu. Uongo sikusema. Lakini nilirudi nyumbani mbiombio, na watu njiani sikuwasalimu vizuri.

Jumapili, 7 Februari

Zuhura kachukua upatu. Wenzetu walipoondoka akanihesabia palepale mkekani. Hatibu, mdogo wake Bakari, kaliwasha gari kwa kulisukuma. Zuhura kanikumbatia, analia. Na mie nimelia. Uani pamekuwa papana, sipapendi.

Jumatatu, 15 Februari

Bati zimepigwa. Nyumba nzima, hata jikoni. Zamani bati zilikuwa za kibali na kujuana, leo unaingia dukani unachagua. Alhamdulillahi. Nimelala mchana chali, natazama juu kama mtoto.

Jumapili, 6 Machi

Zuhura katoa upatu wake, lakini fungu la gari hana. Tairi, anasema. Nikamwambia si neno.

Ni neno. Mbona nilisema si neno?

Alhamisi, 24 Machi

Nimeyasikia sokoni, nikiwa nanunua nazi. Gari limekufa kwenye kilima cha Amani na shehena ya ndizi juu. Injini imenoki. Wamelivuta mpaka gereji moja hapa mjini. Ni wiki nzima sasa.

Wiki nzima, na Zuhura hajaja kuniambia. Hilo limeniuma kuliko injini.

Nikaenda kwake Makorora. Mlango una kufuli. Jirani anasema yuko Muheza kwa dada yake, hakusema atarudi lini.

Jumapili, 3 Aprili

Siku mbaya.

Walikuja wote isipokuwa Zuhura. Nilitaka kumtolea kimyakimya, vitumbua vya mwezi mzima nilishaviweka kando kwa ajili hiyo. Lakini Bi Tatu, huyu mwenye ulimi, kauliza mbele ya watu, "Na aliyekula Februari yuko wapi?" Mwingine akasema gari limemfia. Mwingine akauliza gari lenyewe kalitoa wapi. Kisha mmoja baada ya mwingine wakainua macho juu, kwenye bati.

Bi Tatu akasema, "Kumbe upatu wetu tumeuezeka. Angalieni unavyong'aa."

Wakacheka. Wanne, na Bi Tatu akiwamo, wakafunga pesa zao kwenye pindo za leso wakainuka. Wanaogopa zamu zao zisije zikapotea. Siwalaumu.

Mama Saumu hakucheka. Harusi ni siku ya kumi na nne, mchele na ng'ombe vilikuwa vikingoja pesa hizi. Aliniambia, "Da Mwanamvua, wewe ulinambia shida." Akaondoka na kilichopatikana, nusu ya upatu.

Nimeswali magharibi sikumbuki nimesoma sura gani.

Jumanne, 5 Aprili

Hatibu kaja asubuhi. "Shemeji, kadi si unayo? Lichukue gari, uza, lipa watu, maliza." Naona ni haki. Tumekwenda gereji.

Pijo liko juu ya mawe, injini imetolewa, iko chini kwenye gunia. Yuko mtu anataka bodi na ekseli, pesa anazo mkononi, zingetosha harusi na zikabaki. Fundi anasema yeye hana ugomvi, mwenye kadi ndiye mwenye gari. Nikaitoa kadi kifuani. Yule mtu akanyoosha mkono.

Nikasema kesho. Sijui kwa nini. Ndani ya gari kulikuwa na viatu vya Zuhura, vile vya kupandia kilima. Hatibu kaudhika.

Jumatano, 6 Aprili

Baada ya alasiri nikaenda kumuuliza ustadhi wa madrasa. Kijana, mdogo kuliko mwanangu wa kwanza. Nilikwenda anipe ruhusa, hilo nalijua.

Akauliza kama tuliuziana. Nikasema ndiyo. Kama aliondoka nalo kwa ridhaa yangu. Ndiyo.

"Basi gari ni lake, mama. Wewe unamdai pesa, humdai gari. Ukiliuza hajui, umeuza mali ya mtu."

"Na kadi je? Ina jina langu."

"Hiyo ni ya matrafiki."

Nimemkasirikia yule kijana. Nimemkasirikia Zuhura, kanikimbia kama mie ni polisi. Nikaona niendelee kukasirika, lakini kila nikifika mwisho nakuta ni mie. Injini kufa ni mambo ya Mungu. Zamu ya Mama Saumu haikusogezwa na Mungu. Niliisogeza mie, kwa ajili ya paa langu.

Jumamosi, 9 Aprili

Bati za jikoni na chumba cha nyuma zimeteremshwa. Mnunuzi alikuwa akiinua kila moja juani akitafuta matundu ya misumari, kila tundu anashusha bei. Nikamwachia. Nimeongeza pesa za vitumbua, zimetimia.

Nikawaita wote kwa Mama Saumu, si kwangu. Nikasema nikiwa nimesimama. Kwamba zamu niliisogeza kwa faida yangu, na Zuhura hakuniomba. Kwamba kilichopungua hiki hapa. Kwamba zamu zilizobaki fungu la Zuhura nitalitoa mie mpaka upatu uishe. Sauti ilinitoka vibaya, lakini nilimaliza.

Bi Tatu kafungua pindo la leso. "Mie langu hili. Karudishe bati moja, usije ukapika na mwavuli." Watu wakacheka, na mie kidogo. Wengine watatu hawakufungua.

Nimeacha ukijumbe. Hakuna aliyenizuia.

Alhamisi, 14 Aprili

Saumu kaolewa. Nimemenya vitunguu tangu alfajiri, nikapakua pilau. Mama Saumu ananituma hili na lile, vizuri tu, lakini hakai nilipo mie. Itachukua muda. Ng'ombe alitosha.

Nilikuwa natazama mlango kila wakiingia watu. Zuhura hakuja. Harusi ya Tanga, na yeye asije. Basi aibu aliyonayo ni kubwa kuliko nilivyodhani.

Jumamosi, 16 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Jikoni nimeweka makuti ya kuazima, panavuja pembe moja tu. Mwezi wa Ramadhani wataangalia kesho.

Hatibu kaniuliza kama nimejutia zile pesa za gereji. Nikamwambia ndiyo, hasa mvua ikinyesha. Ndio ukweli. Lakini nalala.

Dereva wa machungwa anarudi Muheza jioni hii. Nimempa karatasi ampelekee Zuhura, na nimeinakili hapa nisije nikasahau nilichosema:

"Shoga yangu, salaam. Natumai u mzima na dada yako mzima. Gari liko gereji, sijaliuza, ni lako. Viatu vyako vimo. Wa upatu nimemalizana nao, usiogope kupita Ngamiani. Deni baina yako na mie lipo, sitasema halipo, tutaliangalia tukiwa tumekaa. Kama huna kitu njoo hivyo hivyo. Sipendi kuifunga Ramadhani hatusemeshani. Tafadhali usichelewe, nijibu kwa dereva huyuhuyu."