Udongo Uliotetemeka Goma

Yaya Émerance, mukubwa wangu,

Hapa Kampemba tuko bazima. Bunga iko bei kali tangu malori yalikwama mpakani Kasumbalesa. Kazi yangu ya chuo inaendelea: ninatengeneza ndani ya ordinateur, ile kompyuta ya chuo, mufano wa capteur, chombo kidogo kama punje ya muchele, kinachosikia udongo ukitetemeka.

Juzi profesa aliniambia, "Dorcelle, chombo chako kimesikia lori, kimesikia muntu akitembea. Sasa angusha bombe mule ndani ya ordinateur."

"Umbali gani, Profesa?"

"Chagua weye."

Niliweka umbali wa kwetu Goma, toka barabarani kulikoanguka bombe la kwanza mpaka kitanda cha Baba. Mustari wa tetemeko uliruka mpaka juu kabisa. Profesa alipiga makofi. "Iko muzuri sana!" Nikasema merci. Sikulia. Nilirudi nyumbani, nikakula bukari kama siku zote.

Yaya, uliniambia kwamba bombe la pili lilimuua Baba amelala, hakusikia kitu. Nimerudia hesabu mara nyingi. Kwa tetemeko lile la kwanza, hakuna muntu angebaki usingizini.

Ulikuwa naye chumbani. Niandikie alichosema kabla ya lile la pili.

Mudogo wako,
Dorcelle