Mkono Wako Kwenye Miksa

Fundi Mutua,

Nimefuta mkono wako. Nakwambia mapema, maana hukupenda mtu anayezunguka na visababu.

Ni Jumapili mchana. Kanisani nimebaki peke yangu na ukungu wa Nunguni umeingia mpaka mlangoni. Nimekalia lile sanduku la nyaya, miksa bado inawaka. Tangu ulipoanguka kule Matinyani ukikunja nyaya baada ya harambee, mimi mwanafunzi wako ndiye ninayeshika sauti hapa. Watu wameacha kuniita msichana wa Mutua, wananiita fundi. Wakiita, bado nageuka kukutafuta.

Unakumbuka siku miksa hii ya kidijitali ilipokuja? Ile kuukuu ulikuwa ukiipanga upya kila wiki. Hii uliipanga mara moja, ukahifadhi, mpangilio ukauandika "Nunguni". Kisha ukateremsha vishikio vyote vya sauti, ukaniambia nibonyeze kitufe cha kuita mpangilio huo. Mota zikanguruma kidogo, na vishikio vikapanda vyenyewe, kila kimoja kikasimama pale ulipokuwa umekiacha. Nilirudi nyuma hatua mbili. Ulicheka mpaka ukashika meza.

Baada ya mazishi sikuona cha kuchekesha. Jumapili ya kwanza nilibonyeza, vikapanda. Mkono ulikuwa wako, wewe hukuwepo. Hata chaneli ya kumi na sita ilipanda, ile uliyoiandika "MIMI", na maiki yako ya kupimia sauti iko ndani ya sanduku, haijachomekwa popote. Ulikuwa ukisimama nayo madhabahuni ukinisalimu kwa Kikamba, "Wakya, Mwende?" nami huku nyuma naitikia, "Aa!" Siku hiyo niliitikia kabla sijajizuia.

Kumbe mkeo alikuwa mlangoni. Mama Ndanu hakunicheka. Alikuja, akaweka kiganja juu ya vishikio, akaniomba nirudie. Vikamsukuma vidole taratibu. "Ameamka," akasema. Tangu hapo hufika kila Jumapili kabla ya wanakwaya wenzake, anaweka kiganja, nami nabonyeza. Nilijua jambo hili si zuri, kwamba namfanya mjane angoje mtu asiyekuja. Lakini ungekuwa wewe, ungemkatalia?

Sasa sikia kosa langu. Jana kwaya ilikuwa kwenye mazoezi, stima ikapotea. Iliporudi nilivishusha vishikio vyote kwanza, kama ulivyonifundisha, ili spika zisishtuke. Vidole vilikuwa baridi, mwalimu wa kwaya ananiharakisha. Nikabonyeza kuhifadhi badala ya kuita. Miksa ikaniuliza kama nina uhakika. Nikakubali, vile sisi wote hukubali bila kusoma. Nikangoja vishikio vipande. Hakuna kilichosogea. Nikaita tena, na tena. "Nunguni" yako ilikuwa imegeuka vishikio vilivyolala chini, basi.

Nakala uliyoweka kwenye flashi usiniulize. Niliifuta mwenyewe nipate nafasi ya nyimbo za mazishi yako.

Nilipanga upya kwa masikio, chaneli moja baada ya nyingine, machozi yakinitiririka na kwaya ikidhani nina mafua. Nikapunguza besi kwa maiki ya mchungaji. Nikautafuta ule mluzi wa spika ya kona ya kushoto mpaka nikaunyamazisha. Ya kumi na sita pia niliipandisha, pale nilipokumbuka, ili mkeo asigundue. Nikahifadhi, nikaandika "Nunguni". Nilijiona kama mtu anayeiga sahihi ya marehemu.

Leo asubuhi akaja, akaweka kiganja. Nikabonyeza. Vilipomaliza kupanda hakusema umeamka. Aliangalia chaneli ya nane, ile ya maiki yake, kwa muda mrefu.

"Huyu ni wewe," akasema.

Nilimwambia yote, nikilia kama mtoto. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono wake bado uko pale pale. "Mutua hakuwahi kunipandisha mpaka hapa," akasema.

Fundi, wewe! Miaka yote alijua. Ulikuwa ukinikonyeza nyuma ya mgongo wake, eti huyu mama anakimbilia noti kabla ya wakati, unamshusha chini ya wenzake, na akikuuliza unaapa kwamba yuko juu kuliko wote. Na yeye alikiona kile kishikio kikibaki chini kila Jumapili, akanyamaza kwa sababu aliyekishusha ni wewe. Mimi nilimweka sawa na wengine. Jana sikusikia kosa lolote kwa sauti yake.

Nikamuuliza kama nimrudishe ulikokuwa ukimweka.

"Wacha hapo. Leo nataka kusikika."

Aliimba. Anakimbilia noti kweli, hukumsingizia. Watu wawili waligeuka kuangalia. Ubeti wa mwisho sauti yake ilikatika katikati ya jina la Mungu, kanisa lote likamsikia akilia, na mimi sikugusa kitu. Kwa mpangilio wako, Fundi, kile kilio hakuna ambaye angekisikia.

Ulinifundisha kwamba chaneli isiyo na mtu hufungwa, isije ikaleta kelele. Yako bado iko juu. Nimeitazama tangu watu waondoke, na taa yake ndogo ya kijani, ile inayowaka sauti inapoingia, imewaka mara mbili. Labda ni nyaya, zina unyevu. Naogopa kuzichunguza, na naogopa zaidi kukuta hazina shida.

Pumzika, Fundi wangu. Mkeo sitamshusha tena, nakuahidi. Na chaneli yako nitaifunga kwa mkono wangu Jumapili ijayo, yeye akiwa amesimama hapa kando yangu. Leo siwezi. Leo niruhusu nikuitikie mara moja tu, kisha nizime stima niende nyumbani.

Aa.

Mwende