Kofia Yako Ilipita Kamalondo

Yaya wangu Donatien, kaka yangu mkubwa,

Nakuandikia nikiwa barazani kwetu, kwenye kiti cha plastiki kilekile ulichokifunga waya mguuni, ukaniambia sasa kitatuzika sote. Wewe kimekuzika. Mimi bado kinanibeba.

Sijalia, Yaya. Nilitaka nianze na hilo, maana najua ungeniuliza. Tulikuzika mvua zikianza, na leo baridi ya kiangazi imefika, vumbi limepaka majani yote rangi moja, na mimi bado sijalia. Nakula. Nalala. Naenda misa na kuitika ninapotakiwa kuitika. Watu wananitazama machoni wakitafuta machozi, wakiyakosa wananihurumia kwa sababu nyingine. Nina ganzi tu, kama mkono ulioulalia usiku kucha, ukiamka unauona ni wako lakini huuhisi. Barua hii naiacha wazi, aisome atakaye, kwa sababu wewe hukuwahi kuwa na siri na mtu yeyote wa Kamalondo. Kila aliyepita hapa ulimsimamisha ukamsimulia jambo.

Unakumbuka Jumapili zetu? Mimi nilikuwa mtoto wa gauni na soksi nyeupe, wewe tayari unavaa suruali ndefu. Baada ya misa, wengine walikata njia ya mkato kuwahi bukari, ugali wa nyumbani, wewe ukanishika mkono tukazunguka mtaa mzima. Ulikuwa unagonga kuta kwa kidole, ukisimulia. Katika nyumba hii aliishi fundi wa reli aliyekuja na baba kutoka kaskazini kwenye behewa moja. Hii ilikuwa ya mjane aliyeuza munkoyo, togwa letu la mahindi, mpaka akajenga vyumba vinne, na mpaka leo siku ya mechi wanawake wanakaa kwenye ukuta wake na madumu yao ya munkoyo, bila kujua ni ukuta wa nani. Pale palikuwa na ukumbi wa dansi, wanaume walipiga pasi hata kamba za viatu. Ukifika mwisho wa mtaa, upande wa mjini, ulisimama kabisa.

"Bazungu balikuwaka kule, sisi huku," ulisema. "Katikati bakaacha fasi ya bule, asema mbu ya kwetu isifike kwao. Sasa niambie, mbu gani inajuaka mupaka?"

Nilicheka kila Jumapili, ingawa niliijua ile mbu tangu iko mdogo.

Na ile studio ya picha ya mzee wetu Papa Ferdinand, yenye ndege iliyochorwa ukutani. Nyuma ya ukuta wa ndege kulikuwa na stuli, unapanda, unatokeza kichwa na mabega, unakuwa abiria. Siku ya komunyo yangu ya kwanza nilipanda na gauni langu lote, na Papa Ferdinand akakufukuza: "We kijana, toka mu picha." Ukasogea. Picha hiyo iko hapa ndani, juu ya redio.

Jumamosi zilikuwa za Ba Mwape kinyozi. Hapa nieleze kidogo, si kwa ajili yako, ni kwa wajukuu wetu wa Ruashi, ng'ambo ya mji, ambao hawajui tena mambo haya. Sisi, kwa upande wa mama, ni Bena Mbushi, ukoo wa mbuzi. Ba Mwape ni Bena Ngo, ukoo wa chui. Mbuzi na chui ni banungwe, watani wa ukoo: wanatukanana, wananyang'anyana chakula mezani, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Mlikaa kwenye terasi ya Mama Odile, sahani ya michopo katikati, nyama ya mbuzi imechomwa mpaka inalia. Ba Mwape anasukuma sahani kwako.

"Kula, kula. Hii ilikuwa shangazi yako."

"Njo maana iko mutamu," unajibu. "Ya kwenu chui hata imbwa inakatala."

Mlirudia hayo miaka yote. Mama Odile alikuwa anacheka kabla hamjafungua mdomo.

Lakini utani wa banungwe una kazi yake, na kazi yenyewe inafanywa siku ya kilio. Mbuzi akifa, chui lazima aje. Avae nguo ya marehemu, atembee kama yeye, aseme kama yeye, amseme vibaya mbele ya maiti, mpaka wafiwa wacheke. Asipofanya hivyo, kilio hakijaisha. Ndivyo tulivyolelewa. Kwa baba wa jirani, kwa mama yetu mwenyewe, nimeona watu wakicheka huku kamasi zinatoka, kisha wakalia vizuri, wakaenda nyumbani wamechoka na wamepona kiasi.

Kwako Ba Mwape alikuja. Turubai limejaa, watu wamekaa chini kwenye mikeka, na alipoingia getini nikaona mabega ya wanawake yameanza kutikisika kwa kicheko kinachokuja. Walimjua. Nikampa kofia yako ya kahawia, ile uliyoivaa hata kwenye joto la Oktoba. Akaigeuza mara hii, akaigeuza mara ile. Akakaa chini kwenye vumbi na kofia mapajani, akalia kwa sauti.

Munungwe analia, Yaya. Sikuwahi kuona. Mama mdogo Ernestine akamwinamia akamwambia taratibu, "Ba Mwape, ile haiko kazi yako." Akanirudishia kofia, akatoka bila kuaga. Hakuna aliyejua atazame wapi. Tukakuzika hivyo, bila kicheko, kila mtu na aibu yake. Nadhani ni pale nilipokufa ganzi. Nilikuwa nimesubiri kucheka ili nilie, na kicheko hakikuja.

Tangu siku ile Ba Mwape alikuwa anapita njia ya nyuma asipite getini kwetu. Kinyozi mmoja, mtaa mmoja, na hatukuonana. Solange binti yangu alikuwa ananipigia simu kutoka Ruashi, ambako amejenga nyumba yake ya bloku za saruji.

"Mama, kuya huku. Fasi iko. Unabakia na nani kule?"

"Nitakuja kilio ikiisha."

"Mama, kilio ilishaisha zamani."

"Bado."

Alidhani akili yangu imeanza kuchoka. Lakini nifunge vipi nyumba ya mtu ambaye hajachekwa? Ningeondoka na mwili, ganzi yangu ningeipeleka Ruashi kwenye bloku mpya, na wewe ungebaki hapa nusu.

Jumamosi iliyopita niliamka nikatia kofia yako kwenye mfuko, nikatoka. Nilipita njia yako ya Jumapili yote, nikitumaini mahali fulani patanichoma. Ukumbi wa dansi sasa ni kanisa la maombi, vipaza sauti viko mlangoni. Studio ya Papa Ferdinand inauza vifuniko vya simu. Ukuta umepakwa rangi nyekundu, lakini ukisimama pembeni unaona bawa la ndege chini ya rangi. Niliangalia bawa. Sikuhisi kitu. Kwa Mama Odile yuko mkamwana wake, moshi uleule, na madereva waliotoka mpakani Kasumbalesa wanakula wakilalamikia foleni ya malori. Sikuhisi kitu hata pale, isipokuwa kwamba viatu vinabana.

Ba Mwape alikuwa anamnyoa kijana mmoja. Aliniona kwenye kioo.

"Mama Solange."

"Ba Mwape. Nilileta kofia."

"Minaona."

"Kazi haiyaisha."

Akazima mashine. Akaniambia kwa sauti ya chini, akiwa bado anaangalia kioo, "Ile kazi ilinishinda. Miye namutukana, nani ananijibu? Nilizoea anijibu."

"Nitakujibu miye. Miye pia niko mbuzi."

Akageuka. Kijana akapapasa kichwa chake, nusu kimenyolewa, nusu bado. "Na miye nabakia hivi?"

"Fuata tu," Ba Mwape akamwambia, akatwaa kofia.

Ilimshuka mpaka masikioni. Kichwa chako kilikuwa kikubwa, tulikuwa tunakwambia. Akatoka na taulo begani, mkono mmoja mgongoni, mguu wa kulia anauburuta kama wewe, akagonga ukuta wa kwanza kwa kidole.

"Jambo yenu, bandugu. Miye Donatien. Najua yote, hata ile haiyafika. Apa mu hii nyumba, mufalme wa Bazungu alikuyaka kuomba chumvi kwa mama yangu. Mama akamukatalia, asema, rudisha kwanza sahani."

Wanawake wa bombani wakageuka. Mmoja akatambua kofia, akatupa ndoo chini. Ba Mwape akagonga ukuta mwingine.

"Apa Adamu alinyolewaka mara ya kwanza. Alimunyoa nani? Babu ya Mwape. Mpaka leo Adamu hayalipa."

Watu wakaongezeka nyuma yetu, watoto, mafundi viatu, kijana wa nusu nywele. Kwenye terasi akavua kofia akaiweka kifuani mbele ya jiko. "Apa nilikuwaka nakula bandugu yangu kila Jumamosi. Na pilipili." Mkamwana wa Mama Odile akaegemea ukuta kwa kucheka, na madereva, ambao hata hawakujui, wakacheka kwa sababu yeye anacheka. Mimi nilikuwa natembea nyuma yake, uso mkavu. Nilisikia kwamba ni vizuri. Nilisikia kwa masikio tu.

Kwenye studio akasimama mbele ya ukuta mwekundu.

"Na apa," akasema kwa sauti yako kabisa, ile ya puani, "dada yangu alipandaka ndege. Akaenda Roma, akala bukari na Papa, akarudi na usingizi."

"Bongo, uongo mutupu," nikasema.

Watu wakanigeukia. Sikuwa nimepanga kusema.

"Ile ndege haikutoka apa. Ilikuwa stuli nyuma ya ukuta, na mguu moja ya stuli ilikuwa fupi. Nilikuwa naogopa nitaanguka. Papa Ferdinand akafukuza Yaya mu picha, lakini Yaya akainama chini akanishika mguu. Ukiangalia ile picha muzuri, pale chini ya bawa, penye tundu ya ukuta, utaona vidole vyake."

"We mbuzi," Ba Mwape akasema chini ya kofia, "hata nikikufa utanisahihisha?"

"Unakufa sasa ndio unaanza uongo?" nikamjibu, nikacheka. Kicheko kibaya, kilikwama, kikatoka na kikohozi. Mtaa mzima ukacheka nami. Ba Mwape akafuta macho kwa taulo lenye nywele za watu, ikawa vurugu, tukamcheka tena kwa hilo.

Kofia nimemwachia, ndiyo desturi. Kijana alirudishwa kitini akamaliziwa nusu ya pili bure. Solange nimemwambia aje kunichukua Jumapili, alete na watoto. Lakini hatutakata njia ya mkato. Tutatoka misa tutazunguka, na nitagonga kuta, na ile mbu isiyojua mpaka wataisikia hawa nao.

Machozi bado, Yaya, nisikudanganye. Lakini unajua mkono uliokufa ganzi. Ukiwa umekufa hauumi hata kidogo. Unaanza kuuma damu inaporudi. Asubuhi hii nimetoa picha juu ya redio nikatafuta vidole vyako chini ya bawa, na vimekaa palepale.

Unauma, Yaya. Umeanza kuuma.

Lala salama, mbuzi wa kusema sana.

Mdogo wako, yule uliyemshika mguu