Sufuria Zako Ziko Chini ya Mashua

Kisangani, Jumanne 9 Novemba 1965
Asubuhi: ukungu mzito juu ya mto mpaka saa mbili, kisha jua dogo. Mvua hakuna.

Mama yangu,

Amani ya Mungu iwafikie wewe na wote mnaolala chini ya bati lako huko Kindu. Goti la kulia linakusumbua bado tangu mvua zianze? Ule upande wa jiko uliokuwa unavuja, Idi ameuziba, au bado anasema kesho? Sisi huku tuko hai, na leo nimepata nguvu za kushika kalamu.

Idi, mdogo wangu, najua ni wewe unayemsomea Mama. Soma polepole na usiruke neno, hata pale utakapoona haya kwa ajili yangu.

Mama, ujumbe wako niliupata kwa Mama Faida, jirani yako anayekuja huku kuuza mchele. Umesikia kwake kwamba mwishoni mwa mwezi wa tisa aliniona barabarani na sufuria tatu kichwani, zile ulizonipa siku ya kuolewa. Ukajua nimeachana na Albert, kwa sababu kwetu mwanamke hatoi sufuria za mama yake nje ya nyumba isipokuwa na yeye mwenyewe ametoka. Umeuliza kama nimefukuzwa au nimekimbia. Sikufukuzwa, sikukimbia. Sufuria zako zilikatwa kwa mkasi wa bati, na sasa ziko chini ya mashua. Nitakueleza kwa mpangilio. Daftari langu la siku liko hapa mezani, na tarehe zote nazitoa humo.

Lakini kuna jambo lililotangulia mashua, na hilo sikukwambia. Katika barua yangu ya Januari niliandika "Asha anakusalimu." Katika ile ya Juni niliandika hivyo tena. Mwanangu Asha hakuwa hapa. Mwezi wa saba mwaka jana alishuka mto na Marie, dada mkubwa wa Albert, kwenda Barumbu kwa wiki tatu tu, akale samaki na kucheza na watoto wa huko. Wiki hazijatimia, waasi wakaingia mjini. Baadaye wakaja askari, na mto ukafungwa. Uliniambia mtoto mwenye jina lako asilazwe nyumba ya watu. Nikamlaza, na nikashindwa kukuandikia kwamba sijui kama anaamka. Nisamehe kama unaweza.

Mwezi wa nane mwaka huu mwanamke muuza samaki wa kukaushwa alipita hapa akauliza nyumba ya Albert mvuvi. Alitwambia Asha ni mzima, yuko mikononi mwa Marie, ila Marie mwenyewe anaharisha na nguvu zimemwisha, hawezi kumleta. Nilikwenda kwa muuguzi ninayemfundishia watoto wake. Akanipa vidonge, akasema vikimfikia mapema vitamsimamisha.

Tatizo lilikuwa njia. Mitumbwi hairuhusiwi kupita chini ya mji, kwa kuwa askari wa mto wanasema ndiyo iliyokuwa ikivusha waasi. Chombo chenye namba iliyopakwa rangi ndicho kinachopewa karatasi ya kupita. Nasi tulikuwa nacho, Mama, kimelala kifudifudi nyuma ya nyumba tangu mwaka wa uhuru: mashua ya alumini ya yule mfanyabiashara wa kizungu ambaye Albert alikuwa akimpeleka kuvua Jumapili. Alipoondoka alimwachia. Miaka mitano kuku walitagia chini yake. Wakati wa vita ilipigwa risasi, matundu saba, na mbavu mbili zilikuwa zimepinda kwa kukaliwa na vijana waliokuwa wakilinda njia.

Tuliigeuza tarehe 14 Septemba. Siku ya kwanza na ya pili, kusugua kutu nyeupe na rangi ya zamani kwa mchanga na matofali yaliyopondwa. Siku ya tatu, kunyoosha mabonyeo kwa nyundo ya mti, gunia la mchanga likiwekwa upande wa pili. Ribiti, vile vijisumari vya kufungia bati, tulikata kwenye waya wa umeme ulioanguka. Mimi nilishika upande wa ndani, Albert akagonga nje. Namba ilikuwa imefutika nusu, nikaiandika upya kwa mkono wangu, kwa herufi za ubaoni. Askari wa mto walikuja kuiona, wakatupa karatasi: kuondoka Jumatatu tarehe 27.

Jumamosi tarehe 25 ilibaki kuziba mishono. Baba mkwe wangu, Papa Gaspard, ndiye aliyeishika kazi hiyo. Unamkumbuka: yule aliyecheka kwenye arusi mpaka akapaliwa na maji. Tangu utoto wake anavua kwenye maporomoko, na mitumbwi aliyoichonga mwenyewe haihesabiki. Kwao mtumbwi hauingii majini kabla ya kupitishwa motoni. Wanawasha makuti na makaa chini ya tumbo lake, mti unapata joto, na sandarusi, ule utomvu mgumu wa miti, unayeyuka na kuingia kwenye kila ufa. Alipaka sandarusi na mawese kwenye mishono yote, akaweka mashua juu ya magogo, akapanga makaa.

Nilimwambia, "Papa, hii haiko muti."

"Mwalimu, wewe unafundisha alfabe, mimi nafundisha mutumbwi. Moto iko moto."

"Na kama inaungua?"

"Chuma inaonyeshaka. Inakuwa nyekundu kwanza. Nitaona."

Albert alikuwa amekwenda kutafuta makasia. Nilisimama pale na sikusema tena, kwa sababu ni baba mkwe, na kwa sababu niliamini kwamba itakuwa nyekundu kwanza. Haikuwa nyekundu. Ilibaki nyeupe vilevile, inang'aa, na ghafla tumbo lake likalegea kama jani la mgomba juu ya chungu cha moto, likadondoka kwenye makaa. Tundu kubwa kama sinia. Papa aliingiza mikono kulishika, na viganja vyake bado havijapona.

Karatasi ya tarehe 27 ilikufa pale.

Tulikwenda kumwita tonton Salumu, mzee wa kwetu anayeyeyusha alumini na kuimimina iwe vyungu karibu na msikiti. Alizunguka mashua mara mbili. Kisha akamtazama Papa.

"Mupika-mashua, ulitia chumvi?"

Papa alijifuta macho kwa kiwiko.

"Bon, usilie. Chuma ina haya, inakuwa nyekundu mbele ya kuanguka. Alumini haina haya. Inakuchekea na meno nyeupe, halafu inakufia mu mikono." Akagonga pembeni mwa tundu. "Vyungu vyangu mimi haviwezi kusaidia hapa. Vya kumimina vinapasuka ukivikunja. Munaniletea sufuria ya Ulaya, ya kukunja, ya zamani. Iko nzito. Nani iko nayo leo? Zote ziliibiwa."

Nilijua nani anazo. Nilizificha shimoni chini ya kitanda muda wote wa vita, nikizihesabu kila Ijumaa. Usiku ule sikumwomba mtu shauri. Asubuhi nilizifukua, nikazisugua kwanza, sijui kwa nini, nikaziweka kichwani. Ndipo Mama Faida aliponiona.

Salumu alianza na ile kubwa ya wali. Alipoigeuza aliona kwenye kitako nukta zako tatu na mstari, ulizozigonga kwa msumari ili isipotee kwenye karamu za watu. Akaniuliza kama azifute. Nilimwambia aziache, na zielekee juu, ndani ya mashua, nisije nikazamisha jina lako majini. Kazi ilichukua wiki tatu, kwa kuwa ilibidi kukata ubavu mmoja na kuufunga upya, na askari wa mto walichelewesha karatasi ya pili. Papa alikuwa akija kila siku kushika nyundo kwa viganja vilivyofungwa vitambaa.

Albert na binamu yake waliondoka Jumatatu tarehe 18 Oktoba, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Vidonge vilikuwa ndani ya chupa, chupa ndani ya kopo la maziwa.

Wamerudi juzi Jumapili, saa saba mchana. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa mto kama kila siku tangu wiki iliyotangulia. Niliona mgongo wa mtoto kabla sijaona uso wake. Mama, Asha yuko hapa. Wakati nakuandikia yupo chini ya meza hii, ameshika pindo la kitenge changu. Amerefuka, amekonda, meno mawili ya mbele yameng'oka. Lori likipita anaingia chini ya kitanda na hatoki kwa kuitwa. Anakula akiwa amesimama. Kiswahili amekisahau nusu, ananiomba maji kwa Lingala.

Albert anasema walipofika Asha alimkimbia. Wanaume waliokuwa wakija na vyombo mwaka ule walikuja kuchukua watu, na yeye Albert sasa ana ndevu. Siku mbili Asha alisimama mbali. Siku ya tatu alisogea akaangalia ndani ya mashua, akaingiza mkono, akapitisha kidole kwenye nukta zako. "Hii iko sufuria ya mama," akasema. "Ile ya wali." Akapanda, akakaa juu ya kiraka kile, na siku zote za kurudi, walipokuwa wakipiga kasia dhidi ya maji, hakukubali kukaa mahali pengine. Alipofika hapa mapaja yake yalikuwa na alama za ribiti.

Hapa ningependa kuishia. Lakini Marie hakurudi. Walimkuta ameshazikwa. Chupa ya vidonge imerudi na kizibo chake hakijafunguliwa. Katekista wa huko aliandika karatasi ndogo ya maziko, na Albert alinipa mimi, kwa kuwa yeye hakuweza kuisoma mbele ya baba yake. Imeandikwa Jumapili 10 Oktoba.

Nilifungua daftari. Kama wangeondoka tarehe 27 Septemba wangefika tarehe mosi au ya pili. Nilihesabu mara nne. Albert alikuwa akinitazama, naye alikuwa ameshahesabu njiani, kasia kwa kasia.

Jana asubuhi, nyumba ikiwa imejaa watu wa msiba, Papa aliniita nyuma, pale mashua ilipokuwa imelala zamani. Hajui kusoma.

"Mwayuma, karatasi ya Marie iko na wewe?"

"Iko na mimi, Papa."

"Soma."

Nilisoma jina lake. Nilisoma jina la katekista. Kisha nikasoma, "Jumapili, tarehe kumi na tisa Septemba."

Papa alitazama viganja vyake. Maporomoko yalikuwa yakisikika sana. "Moto tuliwasha siku gani? Wewe unaandikaka siku."

"Tarehe ishirini na tano, Papa. Jumamosi."

"Donc, basi, alikuwa amekwisha kufa."

"Alikuwa amekwisha kufa."

"Hata bila moto."

"Hata bila moto, Papa."

Alinitazama kwa muda mrefu kuliko mkwe anavyotazamwa. Kisha akasema, "Unasomaka muzuri," akaondoka, akakaa na wanaume wengine. Kwa mara ya kwanza tangu ile Jumamosi alikubali chai.

Mama, sijawahi kusoma uongo. Watoto darasani nawachapa kwa kusoma kisichoandikwa. Na mimi nilikuwapo kwenye makaa, nikanyamaza, kwa hiyo sijui kama nilimwokoa yeye au nilijificha nyuma yake. Sitakuuliza uniamulie. Nakuomba jambo moja. Mtakapotuma pole kwa Papa, na najua mtatuma, mwandike kwamba Marie alifariki mwezi wa tisa. Karatasi ya katekista, Albert ataitunza, na daftari langu sasa linalala kwenye lile shimo la sufuria. Idi, ndiyo maana nilikuomba usiruke neno. Msomee Mama kilichoandikwa chote, halafu uandike kile nilichoomba.

Nisalimie mjomba mwenye duka la nguo, mwambie kitenge alichonipa ndicho Asha anachokishikilia. Nisalimie bibi mkubwa, asimpe Mama Faida habari nyingine mpaka Idi amalize kusoma. Nisalimie shangazi mkunga na binti zake wote wawili. Sufuria usinitafutie nyingine. Tunapika kwenye kopo, na kopo linatosha.

Mimi binti yako, mama wa somo yako,
Mwayuma

Jumatano 10 Novemba. Asubuhi: mvua tangu alfajiri, mto umepanda. Naongeza haya kabla mtu wa treni hajapita kuchukua barua. Jana, nilipotia jina langu, Asha alitoka chini ya meza akapanda kitandani akiwa bado na pindo mkononi, ikanibidi nimfuate. Leo Papa amenijia tena, ameniomba nimsomee karatasi mara moja tu. Albert ameileta, nimemsomea kama juzi, tarehe ileile ya Septemba. Sikuwa nimepata usingizi tangu Jumapili. Jana, kando ya Asha, usingizi ulinichukua saa nane na nusu mchana.